Mlio wa sarafu: jinsi sauti za gemu za zamani zinavyojengwa upya

Mwombe mtu yeyote aliyekulia mbele ya tivi gemu akuigizie mlio wa kuokota sarafu kwenye Super Mario Bros. Hatauliza mara mbili. Ataimba: ti-liiing. Silabi ya kwanza fupi, ya pili imepanda na inafifia taratibu. Mlio huo ulianza kusikika mwaka 1985, una noti mbili tu, na anayejua kinanda atakuambia ni B na E iliyo juu yake. Basi unakaa kwenye kompyuta, unapiga B, unapiga E, unarekodi, unasikiliza. Kinachotoka ni kengele ya mlangoni.

Noti ni zilezile. Umechagua hata ala inayolia kama gemu. Lakini sikio linakataa, na sikio la mtu aliyeusikia mlio ule mara elfu moja utotoni halidanganyiki. Nimetumia jioni nyingi nikijaribu kuzijenga upya sauti za mashine iliyokuwa sebuleni kwetu, na kila niliposhindwa sababu ilikuwa moja: nilikuwa naiga nilichokisikia badala ya kuiga mashine ilivyofanya kazi.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawakijui. Ndani ya kaseti ya Super Mario Bros. hakuna sauti hata moja iliyorekodiwa. Kaseti ya muziki ina mwimbaji ndani yake. Kaseti ya gemu ile ilikuwa na maagizo tu. Gemu nzima, yaani picha, ramani, muziki na kila kitu, ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 40. Mlio wa sarafu unadumu chini kidogo ya sekunde moja. Ukiurekodi leo kwa ubora wa CD, sikio moja tu, utakula kilobaiti zaidi ya 75. Kwa maneno mengine, rekodi ya sarafu moja isingeenea kwenye kaseti iliyobeba ulimwengu mzima wa Mario. Kwa hiyo mlio haukuhifadhiwa popote. Ulitengenezwa upya, papo hapo, kila ulipoigusa sarafu.

Mtengenezaji alikuwa chipu iitwayo Ricoh 2A03. Ndiyo iliyokaa ndani ya Famicom, konsoli (mashine ya gemu) ambayo Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983, na ndani ya NES, toleo lake lililoingia Marekani mwaka 1985. Chipu hiyo ilikuwa prosesa na mpiga muziki kwa wakati mmoja. Ilikuwa na sauti tano, na kila moja na kazi yake. Mbili za kwanza hutoa wimbi la mraba: umeme unapanda ghafla, unakaa juu, unashuka ghafla, unakaa chini. Ya tatu hutoa wimbi la pembetatu, laini na zito, ambalo kwa kawaida lilipewa besi. Ya nne ni kelele tupu, ya ngoma na milipuko. Ya tano inaweza kucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa, kwa ubora wa chini sana.

Wimbi la mraba lina jambo moja linalobadilisha rangi ya sauti yake: muda linaokaa juu ukilinganisha na muda linaokaa chini. Chipu hii inakupa chaguo nne tu. Asilimia 50, na sauti inakuwa nene na tupu kidogo katikati, kama mtu anayepuliza chupa. Asilimia 25, na sauti inabanwa na kung'ara, inakaribia zumari. Asilimia 12.5 inakuwa nyembamba na inakwaruza. Asilimia 75 ni ile ya 25 iliyogeuzwa kichwa chini, na ikilia peke yake sikio haliwezi kuzitofautisha. Ukali wa sauti nao una ngazi 16, kutoka 0 hadi 15, hakuna cha katikati. Pembetatu haina hata hilo: ama inalia, ama imenyamaza.

Noti yenyewe huchaguliwa kwa kugawanya. Saa ya chipu hupiga mara 1,789,773 kwa sekunde. Kwa sauti za mraba, gawanya namba hiyo kwa 16, kisha gawanya tena kwa namba uliyoiandika baada ya kuiongezea moja. Ukiandika 253 unapata 440.4 Hz, yaani mawimbi 440.4 kwa sekunde, ambayo ni A ya kawaida ikiwa imepotoka kwa kiasi ambacho hakuna atakayelalamika. Ila kadiri unavyopanda juu, ndivyo ngazi zinavyoachana. Namba 84 inatoa 1,316 Hz. Namba 83 inaruka hadi karibu 1,332 Hz. E ya muziki inayotakiwa kwenye sarafu ni 1,318.5 Hz, na chipu haiwezi kuifikia. Inachukua 84 na kuridhika. Kwa hiyo anayejenga upya kwa kinanda kilichopimwa vizuri ameshapotea hatua ya kwanza, ingawa hatua hiyo ni ndogo.

Kosa kubwa liko kwingine, na sasa tuushike mlio wa sarafu mkononi.

Mario anapoigusa sarafu, programu ya gemu inaiandikia sauti ya pili ya mraba maagizo haya: wimbi la asilimia 50, ukali uanzie 15 na chipu yenyewe iushushe ngazi kwa ngazi, noti B. Kisha inaanza kuhesabu fremu. Fremu ni picha moja ya televisheni, na kwa mfumo wa Japani na Marekani zilikuwa takriban 60 kwa sekunde. Gemu za wakati ule zilihudumia sauti mara moja kwa kila fremu, basi fremu ndiyo iliyokuwa pigo la moyo wa kila kitu. Mlio wa sarafu umepewa fremu 53. Zikipita 5, programu inaandika namba moja tu, 84, na noti inakuwa E. Haigusi kitu kingine hadi mwisho.

Siri yote iko hapo, kwenye kile ambacho haikukigusa. Chipu ilikuwa imeambiwa ishushe ukali kwa mwendo fulani: ngazi moja kila sehemu ya 0.058 ya sekunde, hadi sifuri. Noti inapobadilika kuwa E, hakuna aliyeiambia ianze upya. Inaendelea kushuka ilikokuwa inashuka. Wakati huo ukali umetoka 15 na kufika 14, basi E inaingia ikiwa tayari ndani ya pumzi ya B na kufifia nayo hadi inakwisha. Kushuka kutoka 15 hadi 0 kunachukua sekunde 0.875, na fremu 53 ni sekunde 0.88. Mtu alikaa akapanga hivyo.

Kinanda hakifanyi hivyo. Kila kidole kinachogusa kibao huanzisha noti mpya na kishindo chake. Ukipiga B kisha E umepata vishindo viwili, na vishindo viwili ni kengele ya mlangoni. Sarafu ina kishindo kimoja na noti mbili. Siku nilipolielewa jambo hili nilifungua programu ya kuhariri sauti, nikatengeneza wimbi moja lisilokatika, nikalibadilisha noti katikati bila kugusa ukali, nikashusha ukali kwa ngazi 15 zinazoonekana kama ngazi za nyumba na si mteremko. Nikabonyeza kitufe cha kucheza. Mdogo wangu aliyekuwa chumba cha pili akaita: "Bro, umeipata wapi ile gemu?"

Hizo ngazi msizidharau. Programu za leo zinapenda kulainisha kila kitu, na ulaini ndio unaoua sauti za zamani. Ukifanya kazi kwenye faili la sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, fremu moja ni sampuli 735. Chochote ambacho programu ya gemu yenyewe inabadilisha, iwe noti au rangi, kibadilishe kwenye mpaka wa sampuli 735, kamwe si katikati (ukali unaoshushwa na chipu una mwendo wake), na nusu ya uchawi itarudi yenyewe.

Sauti ya kuruka inakuja kwa njia nyingine. Sauti za mraba zina kifaa kidogo kinachoburuta noti kuelekea juu au chini bila prosesa kushughulika. Anayeiga kwa sikio atachora mstari ulionyooka kutoka noti ya chini hadi ya juu, na atapata king'ora. Kifaa kile hakijui mstari ulionyooka. Kinachukua namba ya sasa, kinapunguza sehemu yake, labda moja ya nane, kinaandika jibu, kinasubiri kidogo, kinarudia. Ukianza na 400 kwenye sauti ya pili utapata 350, halafu 307, 269, 236. Kwa masafa ni kama 279 Hz, 319, 363, 414, 472. Tazama mapengo: 40, kisha 44, 51, 58. Kila hatua ni ndefu kuliko iliyotangulia, lakini kwa sikio zinalingana, kwa sababu sikio linapima kwa uwiano. Ndiyo maana kuruka kwa gemu za zamani kunasikika kama kitu kinachopaa kwa furaha. Tena sauti ya kwanza na ya pili hazifanani hapa: zinapoburuta kwenda juu, ya kwanza inapunguza moja zaidi ya mwenzake kila hatua, kwa namna tu waya zilivyopangwa ndani ya chipu. Anayetaka usahihi kamili lazima ajue anaiga ipi.

Kelele ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kishawishi ni kuchukua ile kelele ya "shhh" iliyo kwenye kila programu ya sauti na kuifanya mlipuko. Haifai. Kelele hiyo ina viwango visivyohesabika kati ya kimya na ukali, ilhali kelele ya 2A03 ina hali mbili pekee: iko au haipo. Inatoka kwenye mstari wa visanduku 15, kila kimoja na 0 au 1. Kwa kila pigo, chipu inavitazama viwili vya mwisho. Vikiwa tofauti, inaandaa 1. Vikifanana, inaandaa 0. Halafu mstari mzima unasogea hatua moja, kisanduku cha mwisho kinadondoka, na jibu lililoandaliwa linaingia upande wa pili. Kisanduku kilichofika mwishoni kinaamua kama sauti itoke au inyamaze. Hakuna bahati nasibu hapo, ni hesabu tupu, lakini inachukua hatua 32,767 kabla mstari haujarudi ulipoanzia. Kwa mwendo wa polepole kuliko yote, mzunguko mmoja unachukua zaidi ya dakika moja, na sauti yake ni ya kukatikakatika, kama kokoto zinazomwagwa kwenye karai. Kwa mwendo wa kasi inakuwa mvua juu ya bati.

Kuna na hila moja. Chipu ikiambiwa itazame kisanduku cha mbali badala ya kile cha jirani, mzunguko unafupika hadi hatua 93, au 31 kutegemea hali iliyokuwapo. Kitu kinachojirudia haraka namna hiyo si kelele tena, kinaanza kuwa na noti: ya bati, ya roboti. Kama uliwahi kusikia kwenye gemu mlio wa chuma usiojua uuite ngoma au king'ora, huenda ulikuwa huo. Hauwezi kupatikana kwa kuchuja "shhh". Inabidi visanduku vijengwe, na kwa bahati nzuri ni mistari kama kumi ya kodi katika lugha yoyote ya programu.

Ukishapata sauti moja moja, bado hujapata gemu. Kuna mambo mawili yanayotokea zinapokutana.

La kwanza ni wizi. Sauti ni tano tu, na muziki tayari unazitumia. Sarafu inapolia kwenye Super Mario Bros., inainyang'anya muziki sauti ya pili ya mraba hadi mlio uishe; kuruka kunainyang'anya ya kwanza; tofali likivunjika linachukua kelele. Ukisikiliza kwa makini utasikia wimbo ukipungua kila Mario anapofanya jambo, kama kwaya ambayo mwimbaji mmoja ametoka kidogo nje. Watu wengi wanaotengeneza gemu za mtindo wa zamani leo hucheza milio juu ya muziki uliokamilika, na wanashangaa kwa nini inasikika imejaa mno. Mnyang'anye mwimbaji mmoja. Utaona tofauti.

La pili ni mchanganyiko. Ungetegemea kwamba sauti mbili zikikutana ukali wake unajumlishwa. Hapa haujumlishwi hivyo. Kadiri zinavyoongezeka zinabanana. Pembetatu, kelele na ile sauti ya tano zinapita mlango mmoja, na ya tano ikiwekwa juu kabisa, pembetatu inabaki na chini ya nusu ya nguvu zake ingawa yenyewe haina kidhibiti cha ukali. Mafundi wa wakati ule waligundua mlango huo na wakautumia kuishusha besi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wanaojua kodi kuliko muziki. E ya sarafu inachukua mapigo 1,360 ya saa ya chipu kwa kila wimbi, bila kukosea. Kwenye faili la sampuli 44,100, wimbi hilohilo linahitaji sampuli 33 na nusu. Nusu ya sampuli haipo. Programu rahisi itafanya 33 mara hii, 34 mara ile, na huko kuyumba kunazaa milio midogo ya pembeni ambayo haikuwapo kwenye mashine, kama mbu nyuma ya noti. Dawa yake ni kutengeneza wimbi kwa kasi ya chipu yenyewe, mara milioni 1.79 kwa sekunde, kisha kulichuja na kulipunguza. Kompyuta ya leo inaifanya kazi hiyo bila kutoa jasho.

Si lazima ujenge kila kitu kwa mkono. FamiTracker na FamiStudio ni programu za bure zinazokupa sauti tano za 2A03 pamoja na mipaka yake yote, na hapo utajifunza haraka kuliko kwa makala yoyote. Emuleta, yaani programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta, kama Mesen inakuruhusu kunyamazisha sauti moja moja wakati gemu linaendelea, na hakuna mwalimu bora wa kusikia ule wizi. Kwa anayetaka tu mlio wa haraka wa gemu lake, ipo sfxr, ambayo Tomas Pettersson aliitengeneza mwaka 2007 kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare, mashindano ya kutengeneza gemu. Haiigi chipu yoyote maalumu, ila imewafaa watu wengi sana. Kumbuka tu kwamba milio ya Mario ina mwenyewe. Jifunze kwayo, kisha tengeneza yako kwa njia ileile.

Konsoli nyingine zina habari zake. Atari 2600 ya mwaka 1977 ilikuwa na sauti mbili na migawanyo 32 tu ya noti, nyingi zikiwa nje ya muziki. Game Boy ya 1989 iliruhusu mtunzi achore wimbi lake mwenyewe kwa nukta 32. Super Famicom ya 1990, mrithi wa Famicom, ilicheza rekodi fupi kutoka kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, na hapo kazi ya kujenga upya inakuwa ya aina nyingine kabisa.

Mimi narudi sebuleni kwetu, kwa sababu kuna jambo lililonichelewesha sana. Nilipomaliza kuijenga sarafu ya Nintendo, kwa hesabu zote nilizozieleza, ilikuwa sahihi. Lakini haikuwa ile yangu. Ya kwetu ilikuwa nyembamba kidogo, na ilichelewa kidogo kupanda.

Mashine iliyokuwa kwetu, kama zilizokuwa kwa majirani wengi, haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa nakala, na nakala zilikuwa na chipu zake. Zile zilizotengenezwa kwa televisheni za PAL, mfumo uliotumika Tanzania na Kenya, zilikwenda kwa fremu 50 kwa sekunde badala ya 60, na saa yake ilipiga karibu mara 1,773,000. Kwa namba ileile 84, E inashuka hadi 1,304 Hz. Fremu 5 za B zinachukua sehemu ya kumi kamili ya sekunde badala ya 0.083. Muziki nao unatembea taratibu, kwa kasi ya tano juu ya sita ya ule wa Japani. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya chipu za nakala waliotengeneza walibadilishana nafasi mbili: gemu likiomba asilimia 50, chipu inatoa 25, na likiomba 25 inatoa 50. Sarafu inaomba 50.

Nikafungua faili langu tena. Nikaweka asilimia 25, nikabadilisha saa, nikabadilisha sampuli 735 kuwa 882. Nikamwita mdogo wangu, nikamchezea zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akanyoosha kidole kwenye ya pili.

"Hii ndiyo yetu."

Siku hizi nina mafaili mawili, na kila ninapojenga mlio mwingine najenga jozi.